Mama Anayepangusa Majani

Mwalimu Ssemwogerere alikuwa na daftari moja, na daftari hilo ndilo lililokuwa fasihi yote ya Kiingereza pale shuleni. Jalada lake la kwanza lilishang'oka zamani, akalibandika jingine la karatasi ya kalenda, na kurasa zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kila mwaka kidato cha sita kilikaa, yeye akasimama karibu na dirisha, akasoma, nao wakaandika. Akisema koma, wanaandika koma. Akikohoa, wapo walioshika kalamu hewani wakijiuliza kama kikohozi nacho kitatoka kwenye mtihani.

Ayot alikaa dawati la mbele akimdharau. Alikuwa binti wa Sajini Opoka wa kambi ya jeshi ya Makindye, msichana mrefu wa miaka kumi na minane, mwenye ulimi ulioogopwa na wanafunzi wote na baadhi ya walimu. Alilidharau daftari, aliidharau kalenda iliyolivisha, alidharau namna mwalimu alivyolamba kidole kabla ya kufunua ukurasa. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba alimhitaji. Ayot alitaka kusomea sheria, na bila Fasihi ya Kiingereza pamoja na Historia na Uchumi, sheria ingebaki neno la kutambia kambini. Shule nayo ilikuwa na desturi yake: asiyefikisha hamsini katika mtihani wa majaribio haandikishwi kufanya somo hilo katika mtihani wa taifa, asije akaiharibia shule jina gazetini. Na majaribio ya Fasihi yalitungwa na Mwalimu Ssemwogerere, yakasimamiwa na Mwalimu Ssemwogerere, yakasahihishwa na yeye huyo huyo.

Hata insha alizifundisha kwa daftari. Kwake yeye kila insha ilianza Jumapili asubuhi, jua likiwaka na ndege wakiimba. Ukipewa insha ya msiba, ndege wanaimba. Ukipewa insha ya moto ulioteketeza soko, ndege wanaimba. Ayot aliwahi kuandika insha iliyoanza Jumanne, mvua ikinyesha, akarudishiwa na alama kumi na moja kwa ishirini na tano na swali la wino mwekundu pembeni: "Ndege wako wapi?" Aliionyesha kwa kila aliyekuwa na macho, na wote wakacheka, kisha wakarudi kwenye madawati yao kukariri ndege.

Shairi ambalo mwalimu alilipenda kuliko yote liliitwa, kwa mujibu wa daftari, "Mama Mbele ya Majani". Katika shairi hilo mama hupiga magoti mbele ya majani kila alfajiri, kitambaa mkononi, mpaka majani yawe ya kijani. Na mabwana wenye tai huutazama mji bila kumwona. Mwalimu alikuwa na kurasa nne za maelezo. Mama ni mkulima wa Afrika. Majani ni ardhi yetu tuliyorithi. Kijani ni matumaini. Mabwana wenye tai ni wawekezaji wanaokodolea macho mashamba. Aliyasoma hayo kwa sauti ya mtu anayetoa siri, na kalamu arobaini zikakwaruza karatasi.

Kitabu chenyewe cha mashairi hakuna mwanafunzi aliyewahi kukishika. Kilikuwapo, nakala moja, ndani ya kabati la maktaba, na maktaba ilikuwa kabati hilo tu. Ayot alikuwa kiranja wa maktaba, yaani kiranja wa kufuli, maana ufunguo ulikaa mfukoni mwa mwalimu. Hakuna aliyeona ubaya. Nani asumbuke na kitabu wakati noti za mwalimu zipo?

Siku moja baada ya kipindi, Exaucée alimfuata Ayot pale bombani. Exaucée alikuwa msichana wa Bukavu, Kongo, aliyeingia Kampala miaka minne iliyopita, akiishi Kisenyi na shangazi yake Pélagie aliyeuza vitenge. Alikuwa amesoma kwa Kifaransa tangu utotoni, na Kiingereza chake kilikuwa bado kinachechemea, kwa hiyo alimeza noti nzima nzima. Alikuwa na uwezo wa kukusomea kurasa nne za majani kwa moyo, macho yamefungwa, bila kuruka hata koma. Ayot alimwita Redio, na si kwa mapenzi.

"Ayot, niko na swali," Exaucée alisema. "Ile mama ya shairi, juu ya nini anapangusa majani na kitambaa?"

"Hiyo kitambaa ni ishara."

"Ishara ya nini?"

"Ya mapenzi ya mazingira. Si iko kwa noti yako?"

"Iko. Najua mstari, lakini maana sijue. Kwetu majani tunakata, tunapatia mbuzi. Sijaona mtu anapangusa."

"Wewe meza tu, Redio," Ayot alisema. "Mtihani haiulizi ya mbuzi wa kwenu."

Wasichana wengine waliokuwa wakichota maji wakacheka. Exaucée hakukasirika, alifunga daftari lake, akalitia mkobani. Ayot akapanda kilima kuelekea kambini akijifurahia, lakini hakufika mbali kabla furaha haijamwishia. Swali lilikuwa la maana. Mtu hapangusi majani. Yeye mwenyewe, mwerevu wa darasa, alikuwa ameandika kitambaa hicho kwenye daftari lake miezi mitatu iliyopita na hakikumsumbua hata siku moja, na ilibidi Redio akione.

Kesho yake alimwendea mwalimu akiwa na uso wa utiifu, akaomba ufunguo ili apanguse vumbi la kabati. Mwalimu alishangaa, maana hakuna kiranja aliyewahi kuomba kazi, akampa. Kabatini mlikuwa na rundo la karatasi za mitihani ya zamani, kombe la mpira wa pete lililovunjika mkono mmoja, na vitabu saba. Kitabu cha mashairi kilikuwa kipya kabisa. Kurasa nyingine zilikuwa bado zimegandana tangu zitoke kiwandani.

Ayot alisoma shairi akiwa amepiga magoti sakafuni. Kisha akalisoma tena. Hapakuwa na majani. Neno lililochapwa halikuwa "grass", lilikuwa "glass". Mama alipiga magoti mbele ya kioo. Na kitambaa chake hakikukifanya kioo kiwe "green". Kilikifanya kiwe "clean", yaani kisafi, ndiyo sababu mabwana wenye tai, wakiwa ndani ya ofisi ghorofani, waliutazama mji kupitia kioo hicho na hawakumwona mama aliyekuwa upande wa pili, magoti juu ya ubao unaoning'inia. Hapakuwa na shamba, wala mkulima, wala mwekezaji. Shairi zima lilikuwa la mwanamke anayeosha madirisha.

Alicheka mpaka akakalia vumbi alilokuja kulipangusa. Mwalimu Ssemwogerere alikuwa na ulimi ambao haukuwahi kuona sababu ya kuzitenga r na l. Alizitumia kwa zamu, ile iliyokuwa karibu ndiyo iliyotoka. Katika Kiingereza chake "play" ilikuwa "pray" na "pray" ilikuwa "play", hivyo watoto walisali mpira uwanjani na wachungaji walicheza kanisani. Kwa Ayot, aliyenyonya Kiacholi ambamo r ni r na l ni l, hilo lilikuwa burudani ya kila siku. Lakini hata yeye hakuwahi kudhani kwamba ulimi unaweza kupanda shamba zima la majani mahali palipokuwa na dirisha. Mwalimu aliwahi kuwasimulia, kwa fahari, jinsi alivyolipokea shairi hilo chuoni: wanachuo themanini, kitabu kimoja, mkufunzi akasoma kwa sauti na wao wakaandika. Mkufunzi naye bila shaka alikuwa na ulimi wa namna hiyo hiyo. Na kila mwaka matokeo yaliporudi na wanafunzi wameanguka swali la ushairi, mwalimu aliwalaumu kwa kutosoma noti.

Akakificha kitabu chini ya sweta, akafunga kabati, akarudisha ufunguo.

Exaucée ndiye aliyeambiwa kwanza, kwa sababu Ayot alihitaji mtu wa kumshangaa. Walikaa nyuma ya jiko la shule. Exaucée alisoma shairi polepole, kidole chini ya kila neno, midomo ikitembea, kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyepata mahali maumivu yanapotoka.

"Kioo," alisema. "Sasa kitambaa iko na kazi."

"Majaribio ni wiki kesho. Mimi nitaandika kioo. Nataka nimwone akisahihisha."

"Nani anasahihisha majaribio?"

"Si ni yeye mwenyewe."

"Basi mi naandika majani."

Ayot alimtazama akidhani hajasikia vizuri. "Umeona kitabu na macho yako. Unajua ni uongo. Na bado utaandika uongo?"

"Mtihani ya mwalimu, naandika ya mwalimu. Ikifika ile kubwa ya taifa, banasahihisha bale banasoma kitabu, pale naandika kioo." Exaucée alisema hivyo kwa utulivu, kama anayepanga vitenge kwa rangi. "We unataka kushinda mwalimu ama unataka kupita?"

"Ndiyo maana nakuita Redio," Ayot alisema. "Mtu anabonyeza kitufe tu, wewe unaimba."

Alisimama, akajikung'uta sketi, akaondoka. Hakuwahi kumdharau mtu kama alivyomdharau Exaucée siku ile. Mwalimu angalau hakujua. Huyu alijua, akachagua kujikunyata. Watu wa namna hii, Ayot alijiambia, ndio wanaowafanya kina Ssemwogerere wazeeke wakiwa na amani.

Majaribio yalifika. Swali la tatu liliwataka wajadili umuhimu wa mazingira katika "Mama Mbele ya Majani". Ayot aliandika kurasa tano. Alianza kwa kusema kwamba kichwa cha shairi kimenukuliwa vibaya na mtunzi wa swali, akaendelea kutoka hapo bila huruma. Aliandika juu ya kioo, juu ya wanaoonekana na wasioonekana, juu ya mwanamke anayefanya kazi ambayo, akiifanya vizuri, yeye mwenyewe anatoweka. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, naye alijua, na mkono ulimuuma kwa raha.

Alipata mbili kwa ishirini na tano. Hizo mbili zilikuwa za mwandiko. Pembeni mwalimu aliandika: "Hili ni shairi gani? Soma noti zako." Jumla yake ikawa arobaini na nne. Exaucée alipata sabini na nane, akapigiwa makofi darasani kama mfano wa mkimbizi mwenye bidii. Alipiga goti kidogo kushukuru, na Ayot akageuza uso.

Jioni ile ile alikwenda kwenye chumba cha walimu na kitabu mkononi. Mwalimu Ssemwogerere alikuwa peke yake, mbele yake rundo la madaftari na kikombe cha uji. Ayot hakuketi. Alikifungua kitabu, akakiweka juu ya rundo, akaegesha kidole kwenye kichwa cha shairi. Alikuwa amefanya mazoezi ya maneno ya kusema, lakini aliona hayahitajiki. Herufi zilikuwa pale.

Mwalimu alivaa miwani. Alisoma kichwa, akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili. Ayot aliukazia macho uso wake akingoja uporomoke. Aliungoja kwa hamu isiyo ya adabu. Alitaka kuona aibu ikipanda kutoka kwenye kola ya lile shati lililopauka, alitaka kuliona daftari la kalenda likifa.

Mwalimu alichukua kalamu nyekundu.

"Hawa wachapaji," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Wanachapa vitabu mbali huko, watu ambao hawajui fasihi."

Kwenye kichwa cha shairi akaikata l, akaandika r juu yake, ndogo na safi. Akashuka mstari wa kwanza, akafanya vile vile. Alipofika kwenye neno la usafi, mkono wake ulisita. Ayot aliuona ukisita. Kalamu ilikaa hewani juu ya karatasi kwa muda ambao mtu mwenye akili anahitaji kuelewa jambo, na mwalimu hakuwa mjinga kiasi hicho. Kisha ikashuka. Akabadilisha herufi tatu, bila haraka, akapuliza wino ukauke, akakifunga kitabu.

"Miaka kumi na mmoja, Ayot," alisema.

Alisema hilo tu, kwa sauti ya chini, bila kumtazama. Halafu akajikohoza na kuwa mwalimu tena. Alimwambia kwamba kuiba mali ya maktaba ni kosa la kufukuzwa shule, na hasa kwa kiranja, lakini yeye ni mzazi pia. Aliandike upya jibu la swali la tatu kwa kufuata noti, alilete Jumatatu pamoja na barua ya kuomba radhi, naye atalisahihisha kana kwamba lile la kwanza halikuwapo. Orodha ya watakaoandikishwa inakwenda kwa mkuu wa shule siku ya Ijumaa. Baada ya hapo hata yeye hana la kufanya.

Ayot alitoka na hasira. Kosa angeweza kulisamehe, au angalau kulicheka. Lakini alikuwa amemwona mtu akiujua ukweli, akaupaka wino mwekundu mbele ya macho yake. Kuanzia pale hata kitabu kilikuwa upande wa mwalimu.

Kambini alimkuta Sajini Opoka barazani, viatu vya buti vimepangwa, akivipaka kiwi. Alimweleza yote kwa Kiswahili cha nyumbani, kile cha kambini kilichowakuza yeye na ndugu zake. Alitarajia baba yake avae sare aende shuleni. Sajini alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua brashi.

"Baba, ni kioo. Kitabu inasema kioo."

"Nimesikia. Hiyo kitabu, inaweza kuandika jina yako kwa orodha?"

"Hapana."

"Mwalimu anaweza?"

"Ndiyo."

"Basi." Sajini alitema mate kidogo kwenye buti, akasugua. "Afande akisema jua inawaka na kumbe mvua inanyesha, wewe nasema ndiyo afande, alafu navaa koti yako. Hakuna mtu amekuambia utembee unalowa."

"Kwa hiyo niandike uongo."

"Mimi nataka loya kwa hii nyumba. Hao wa kusema kweli wako wengi, wamejaa kule mtaa wa Kamwokya, wanakaa tu bila kazi."

Ayot alimdharau baba yake pia, akaingia ndani. Ikawa wamebaki wachache wa kuwadharau. Alikaa kitandani akahesabu kilichobaki: akiandika, atakuwa loya, asipoandika, atakuwa msichana aliyekuwa sahihi. Aliona uchungu kwa sababu jibu lilimjia upesi mno.

Lakini hakuwa mtu wa kusalimu amri hivi hivi. Kama lazima aandike majani, basi ataandika majani ambayo hayajawahi kuota popote. Ataandika upuuzi uliokolea kiasi kwamba mwalimu akiusoma ataungua masikio, na hataweza kumwadhibu, kwa sababu kila neno litakuwa limetoka kwenye noti. Jumamosi mchana kutwa aliandika. Alianza na Jumapili asubuhi, jua likiwaka na ndege wakiimba. Kisha akashughulikia kitambaa. "Umande wa usiku huyachafua majani," aliandika, kwa Kiingereza cha kifahari alichojua mwalimu anakipenda, "na mama, kwa upendo wa Kiafrika usio na mipaka, hupiga magoti na kupangusa jani moja baada ya jingine, asibague fupi wala refu." Mabwana wenye tai akawapa ukurasa mzima. Tai ni kamba ya shingoni, alieleza. Na anayefungwa kamba shingoni penye majani ni mbuzi. Hivyo mshairi anatufunulia, kwa siri ya hali ya juu, kwamba ukoloni ulikuja kula.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuipeleka, alimpa Exaucée aisome. Hakuwa amesema naye tangu siku ile ya jikoni, ila alihitaji shahidi. Exaucée alisoma kwa kidole, akafika kwa mbuzi, akafunika mdomo, mabega yakatikisika.

"Hii atapenda," alisema.

"Atapenda namna gani? Ni matusi matupu. Kila mstari namtukana."

"Unamtukana kwa Kiingereza ya juu," Exaucée alisema, akimrudishia karatasi. "Atapenda."

Ayot aliiweka mezani kwa mwalimu, barua ya radhi juu yake, akasimama akingoja. Mwalimu alisoma barua, akaitia kwenye droo. Akaanza jibu. Kwenye ndege alitikisa kichwa kukubali. Kwenye umande akaacha kunywa uji. Akarudi nyuma akasoma sentensi ile tena, midomo ikitembea, na Ayot, aliyekuwa ameushikilia uso wake usicheke, akaona jambo ambalo hakulitarajia. Macho ya mwalimu yalikuwa yamelowa.

"Umande," mwalimu alisema. "Miaka yote hii nimekuwa nikiulizwa habari ya kile kitambaa."

Akampa ishirini na tano kwa ishirini na tano. Alisema kazi ya namna hiyo haijawahi kuandikwa katika shule ile. Akachukua orodha, akaandika jina la Ayot chini ya jina la Exaucée, akalikausha kwa pumzi. Ayot aliliona kwa macho yake. Alikuwa amepata alichokitaka, na alitoka mle ndani akijaribu kucheka. Alifika mpaka lango la shule bila kufanikiwa.

Jumatano, saa nne asubuhi, alikuwa akipita mbele ya darasa la kidato cha tano kwenda chooni. Dirisha lilikuwa wazi, na sauti ya Mwalimu Ssemwogerere ilikuwa inatoka nje, polepole, kipande kwa kipande, kama anavyosoma anapotaka watu waandike. Ayot alisikia neno umande. Akasikia upendo wa Kiafrika usio na mipaka. Alisimama. Kupitia dirishani aliliona daftari la kalenda limefunguliwa mwishoni, kwenye kurasa mpya, wino wa buluu ambao bado haujapauka, na vichwa hamsini vimeinama.

Mwalimu alifika kwenye mbuzi. Hakuna aliyecheka. Mwanafunzi mmoja tu aliomba arudie "kwa siri ya hali ya juu", naye akarudia mara mbili.

Wakati wa mapumziko, msichana wa kidato cha tano alimfuata chini ya paa la jiko. Jina lake Akidi, mtoto wa polisi wa huko huko Makindye, mwembamba, mwenye adabu ya kuchosha. Alikuwa amelikumbatia daftari lake.

"Dada Ayot, samahani. Mwalimu amesema hii ni wewe umeandika. Anasema tukishika hii, hakuna mtu anaanguka swali ya shairi." Akalifungua. "Hapa nilichelewa. Baada ya 'jani moja baada ya jingine', ni koma ama ni nukta?"

Ayot alilichukua daftari. Mwandiko ulikuwa wa duara, safi, kichwa cha somo kimepigiwa mistari miwili kwa rula. Yote yalikuwa pale, neno kwa neno, matusi yake yote, yameandikwa kwa uangalifu wa mtoto anayetaka kufaulu. Mwaka ujao Akidi angeingia na hayo kwenye mtihani wa taifa, na mtu asiyemjua angesoma habari za umande na mbuzi, angempa sifuri, akaendelea na karatasi inayofuata. Ingetosha kusema neno moja. Lenyewe lilikuwa fupi, herufi tano tu kwa Kiingereza.

Orodha ilikuwa inapelekwa Ijumaa. Akidi angerudi darasani, angeuliza swali kwa ile adabu yake, mwalimu angemuuliza nani amekuambia, naye angejibu ukweli, kwa sababu alikuwa mtoto wa namna hiyo. Na kalamu nyekundu ilikuwa bado ina wino.

Ayot alitafuta dharau, ile ambayo haikuwahi kumpungukia, ili ammwagie huyu mtoto anayebeba upuuzi bila kuuliza. Haikuja. Akidi alikuwa ameuliza; alikuwa amekuja kwa aliyeandika, akasimama mbele yake na kalamu. Ayot aliona haya, mpaka masikio yakawa ya moto, na hakuwa na mtu wa kumtupia.

"Dada?"

"Koma," alisema Ayot.

Akidi aliegemeza daftari kwenye goti, akaitia koma mahali pake, akashukuru kwa kuinama kidogo, akaenda mbio kuwaambia wenzake.